Tableti Yashindwa Sakafuni

Juzi, katika duka moja la simu hapa Malindi, nilimkuta mama wa Mambrui na binti yake anayeanza chuo. Fedha zao zilitosha chombo kimoja tu cha miaka yote ya masomo. Binti keshaikumbatia tableti nyembamba ya bei kali kama mtoto mchanga.

"Hii yashika nafasi ya laptopu, mama," muuzaji akaapa. "Kibodi waibandika tu."

"Huyu huandikia mkekani. Kwetu hatuna meza," mama akamjibu, kisha akamgeukia bintiye. "Keti chini uandike."

"Hapa, mama? Mbele za watu?"

"Chuoni utasomea uvunguni?"

Binti akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaiweka tableti na kibodi yake mapajani. Kila akigusa herufi, kioo chalala chali. Akikiinua, chalala tena.

"Yataka meza kidogo," muuzaji akakiri.

"Na hiyo meza watupa bure?"

Muuzaji akaleta laptopu nene isiyo na urembo. Binti alikuwa amenuna, lakini vidole vilikwenda mbio, na kioo hakikutikisika.

"Na nikipata meza, mama?"

"Soma, upate kazi, ununue meza. Kisha ununue na hiyo tableti uiweke juu yake."

Mimi shule niliiona zaidi kwa nje. Lakini nyinyi wasomi mwaulizia rangi na kamera, mkaona haya kuketi sakafuni dakika mbili. Haya hizo ndizo wenye maduka wanazojengea ghorofa.