Karton iko chini, Placide

Bado siwezi kukaa kwenye kiti, marafiki. Naketi, nasimama, nachungulia barabarani kana kwamba Placide atapiga honi. Placide wetu hayupo tangu Alhamisi.

Wengi mlimjua kule mpakani Kasumbalesa: déclarant wa forodha, dossier kwapani, kofia ya sufu hata kwenye joto. Mimi nilimjua Jumapili baada ya misa, mezani kwangu Naviundu, akicheza.

Nieleze kwa wasiojua, maana mke wangu mwenyewe hadi leo anadhani sisi ni kikundi cha sala. Kila mchezaji ana mtu wake kwenye karatasi. Unatupa dé tatu, yaani dadu, mara sita, kila mara unazijumlisha: nguvu, afya, akili na kadhalika. Kinachoanguka ndicho unachoandika. Mimi nasimulia mapango na majitu, na dé zangu nazificha nyuma ya kipande cha karton.

Mtu wako akifa, amekufa. Unasimama, unaeleza alivyokufa, unakunja karatasi, unaitia kwenye kopo la maziwa. Kabla sijawa msimulizi nililijaza mimi kopo lile: mashujaa watupu, wote wana nguvu kumi na saba na akili ya mwenye kuwacheza.

Siku ya kwanza Placide alipata nguvu nne, afya tano. Clarisse, mwenzetu wa mezani, anayetuita sote yaya, kaka, akamwonea huruma.

"Tupa tena, yaya. Huyu hata ndoo hawezi beba."

"Hapana. Njo huyu alikuya."

Akamwita Polepole.

Placide alizaliwa na SS, ugonjwa ule wa damu, selimundu. Mama yake aliambiwa asijisumbue kumnunulia yunifomu ya shule. Amekufa ana mvi.

Polepole hakupigana hata mara moja. Alibeba ngazi, chaki na kuku. Tulipofika darajani, jitu likitaka kutula, Placide akaliomba karatasi za daraja: nani alilisajili, muhuri uko wapi. Jitu likaanza kujipekua. Sisi tukapita. Nililiandaa wiki nzima jitu lile.

Miaka sita aliishi hivyo.

Jumapili iliyopita, pangoni, nge akamdunga Polepole. Ilitakiwa kumi na nne kwenda juu ili apone. Nilitupa nyuma ya karton, nikaona tatu. Placide alikuwa ametoka hospitali Ijumaa, plasta bado iko mkononi. Nikasema, "Amepona."

Akanitazama. "Iko ngapi, vieux?"

"Kumi na tano."

"Uongo! Unasema bongo sawa vile ulikuwa unacheza. Mubaya."

Akaishusha karton. Tatu ilikuwa bado inatutazama.

Simu yake ikalia: lori lake limefika mbele ya foleni, dossier inatakiwa. Akavaa kofia. "Hii umeshaiharibu. Jumapili mutupe ingine, karton chini. Hata kama sikuye. Na usinihurumie mu dé."

Nilidhani anazungumzia foleni.

Jana tumemzika. Leo baada ya misa tulikaa, kiti chake kikiwa wazi, na Clarisse akaweka karatasi ya Polepole mezani.

"Yaya, andika tu kumi na tano. Nani ataona?"

Nakiri, nilitaka. Angebaki nasi hata kwa karatasi, na ngazi yake, na maandishi yale ya kombokombo. Nilizunguka meza mara tatu. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi kunywa tena. Mwishowe nikaiweka karton sakafuni, nikatupa dé mbele ya wote.

Sita.

Clarisse alifunika uso. Mimi nilibaki natazama ile sita, nikisubiri sijui nini.

Desturi yetu ni mwenye mtu asimame aeleze, na mwenye mtu hayupo. Basi nimesimama mimi, hapa, mbele yenu wote: Polepole amekufa kwa sumu ya nge, akiwa na nguvu nne zilezile, baada ya miaka sita ya kupita mahali ambapo mashujaa wangu wote walianguka. Kuku ni mzima. Clarisse amemchukua.

Karatasi iko ndani ya kopo. Niliikunja vibaya, utanicheka.

Sikukuhurumia mu dé, ndugu yangu. Ni mara ya kwanza nimecheza vizuri, na hukuwepo kuona.

Lala salama, Placide. Karton iko chini.