Mabakuli ya Msiba wa Verna

Siku hizi ukimuuliza mtu yeyote hapa Kellerton, atakuapia kwamba alipinga vita vya Vietnam tangu mwanzo. Waongo wakubwa! Nimeishi mtaa huu wa Ohio miaka thelathini na mbili, na aliyepinga tangu mwanzo ni mmoja tu, Verna Tuttle, mpishi wa shule, wa nyumba inayotazamana na yangu. Sisi wengine tulimfanyia mambo ambayo hata kuyaandika naona haya.

Verna alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Lowell. Mwaka 1966 Lowell alipopelekwa vitani, mama yake alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa rangi nyekundu NIRUDISHIENI LOWELL, akakiweka dirishani. Basi. Hakutukana mtu wala kuchoma bendera. Lakini mtaa uliwaka.

"We Verna, toa huo uchafu!" mume wangu Merle alimpigia kelele kutoka barazani kwetu. "Unawapa moyo wakomunisti!"

"Wakomunisti hawapiti mtaa huu, Merle. Unapita wewe, na nataka usome."

Nilicheka moyoni, mdomo nikaufunga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miaka yote ile, kunyamaza. Wazazi walilalamika shuleni kwamba hawataki mkono wake uwapakulie watoto wao, akatolewa kwenye dirisha la chakula na kupelekwa nyuma kuosha masufuria. Kanisani, Lucille Ostrander, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa akitandaza koti lake kwenye benchi ili Verna asipate pa kukaa. Niliona kila Jumapili.

Februari 1968 gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba yake, wakashuka maofisa wawili. Lowell alikuwa ameuawa.

Kwetu mtu akifiwa, hata machozi hayajakauka mlango umeshagongwa. Kila nyumba hupika kitu cha kuoka, tambi au kuku na viazi, na chini ya bakuli hubandikwa utepe wenye jina ili lirudi kwa mwenyewe. Hata mlevi hupelekewa, hata mwizi. Verna mwenyewe alikuwa amewapikia wafiwa wote wa mtaa. Kwake halikwenda bakuli hata moja. Eti kajitakia.

Mimi nilipika. Nilioka tambi na jibini, nikabandika jina langu, nikafika mpaka mlangoni kwetu. Merle akasema, "Ukivuka hiyo barabara, mtaa mzima utatuona." Nikarudi jikoni. Tukazila wenyewe, na zilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Kisha wito wa jeshi ukaanza kubisha kwenye milango mingine. Akaitwa mtoto wa daktari, akaitwa mpwa wa Merle. Mapema 1971 mwana wa Lucille akarudi hana mguu, na ghafla Lucille akagundua kwamba vita ni vibaya! Watoto wa wenzake walipokufa hakuwa amegundua kitu. Mei akina mama wa kanisa wakapanga maandamano ya kupinga vita, wakamtaka Verna atangulie mbele na picha ya Lowell. Tulikwenda kumwomba wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na bakuli lake mkononi. Safari hii Merle mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango.

Verna alitukaribisha jikoni. Mabakuli yakajaa mezani, yanafuka moshi.

"Shoga yangu," Lucille akaanza, "sote tuko pamoja nawe. Tunaomba utangulie, ubebe picha ya Lowell."

Verna aliinua bakuli la kwanza, akachungulia chini, akasoma kwa sauti. "Ostrander." Akainua la pili. "Pruitt." Kwa kila jina alimtazama mwenyewe usoni.

"Kumbe majina mnajua kubandika," akasema. "Mwanangu alipokufa nilikaa kwenye kiti hiki siku nne nasikiliza mlango."

"Tulikosea, Verna," Lucille akasema huku analia. "Sasa tumeelewa."

"Mmeelewa kwa sababu ya mguu wa mwanao. Pole, nasema kwa moyo wangu wote. Lakini picha ya Lowell haitoki humu ndani. Mimi nimeandamana peke yangu pale dirishani miaka mitano. Bebeni vyakula vyenu."

Wakatoka mmoja mmoja, wameinamisha vichwa. Langu lilikuwa la mwisho. Aliligeuza taratibu, akasoma jina langu.

"Arlene. Hata wewe siku ile hukupika?"

Ningeweza kudanganya. Mji mzima ulikuwa unadanganya.

"Nilipika."

"Kikaenda wapi chakula?"

"Tulikila."

Verna akanirudishia bakuli mikononi, likiwa moto bado.

"Basi kaleni na hiki."