Habari Aliyoipeleka Mtani

Mtaa wetu uko bondeni, chini ya kata ya Cheyo, kando ya njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani. Mvua ikinyesha, maji ya mjini huteremkia kwetu. Nyumba ya mama ni ya matofali mabichi. Ukuta wa chumba anacholala ulikuwa umeliwa na maji hadi ukabaki mwembamba, na mvua kubwa moja tu ingeushusha.

Serikali ilikuwa inatuletea fedha ya kuufufua mtaa, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Sharti lake ni kwamba mtaa uchague kazi wenyewe na uchimbe wenyewe. Tulianza na kisima, tukaja barabara ya kifusi, kisha tukachagua mtaro wa kuyapitisha maji hayo mbali na nyumba.

Kamba ya kupimia mtaro ilipita juu ya kaburi. Alizikwa humo baba wa jirani yetu mchuuzi wa asali, uani kwao, nyuma ya jiko. Mkutano ulikubaliana mifupa ihamishwe kwa dua ya shehe, kama jirani mwenyewe ataridhia. Mwenyewe alikuwa Sikonge kufuata asali. Mwenyekiti wa mtaa akamtuma mwashi mmoja wa hapo kwetu amweleze akirudi, kwa kuwa hao wawili walikuwa hawaachani.

Hapo ndipo mtaa ulipokosea. Mwashi ni Mzaramo, jirani ni Mnyamwezi, na watu hao ni watani tangu enzi za misafara. Kila asubuhi mwashi alimwita jirani mtumwa wake, naye alijibiwa kuwa Mzaramo hajawahi kumiliki hata kuku. Maneno ya mtani hayakasirikiwi, wala hayasadikiwi. Mwashi alipeleka habari ya kweli, lakini kwa mdomo uleule wa kila siku.

"Mtumwa wangu, wiki ijayo tunamfukua baba yako tupitishe maji."

Jirani alicheka mpaka akashika mlango. "Mkimfikia," akasema, "mpeni shikamoo yangu."

Mwashi akarudi kwa mwenyekiti akasema amekubali, tena kwa kicheko.

Siku ya kuchimba, mimi na kaka tulitangulia mbele, maana ukuta ulikuwa wa mama yetu. Shehe alikuwa bado njiani. Kaka hakumngoja, alitaka kwanza kutoa saruji iliyofunika kaburi. Tuling'oa uzio, akainua sururu akaishusha kwenye ukingo wa kaburi. Saruji ikapasuka.

Jirani alitoka jikoni na panga. Kaka aliinua mkono wa kushoto kujikinga, panga likaingia chini ya kiwiko, nami nikausikia mfupa. Damu ilinirukia mdomoni. Nilivua shati nikaufunga mkono ule na kuukandamiza kwa magoti, na kaka alikuwa ananiuma bega kwa maumivu.

Wenzetu walimvamia jirani na mipini ya majembe. Walimpiga mbavuni, walimpiga kichwani, waliendelea kumpiga alipokuwa ameshalala kifudifudi juu ya kaburi, akitapika damu kwenye ule ufa. Mtu mmoja alikimbia kufyonza petroli kwenye pikipiki. Mama alifika, akautazama mkono wa kaka. Mama yangu hajawahi kumpiga hata mbuzi.

"Mmalizeni," akasema.

Mwashi alipenya katikati ya miguu ya watu akajilaza juu ya jirani. Mpini ulimpata shingoni kabla aliyeupiga hajamtambua.

"Huyu ni mtumwa wangu," akasema. "Nani kawapa ruhusa ya kumwua?"

Hakuna aliyecheka, lakini mipini ilisita. Wengi wetu pale ni Wanyamwezi, na yeye ni mtani wetu sote. Mtani hapigwi.

"Nilimwambia kwa utani," akaendelea. "Hakujua. Nipigeni mimi."

Mwenye petroli aliiweka chupa chini.

Kaka na jirani walipelekwa hospitali kwa gari moja. Polisi walikuja, halmashauri nao wakaja, wakasema mtaa unaopigana hauwezi kupewa fedha nyingine mpaka upatane. Wazee walisuluhisha, ila hakuna aliyethubutu kurudi na jembe. Mtaro ukaishia pale ulipokuwa uzio wa jirani, mdomo wazi.

Mvua haikungoja. Ilianza mchana, na mawe yake ya barafu yalipasua vioo. Maji yalijaa mtaroni, yakakosa pa kutokea, yakarudi nyuma kwa kishindo na kuupiga ukuta wa mama. Ukuta ulikuwa unamung'unyuka mbele ya macho yetu. Nilimvuta mama atoke, akakataa, amekumbatia nguzo ya kitanda.

Kisha maji yakashuka ghafla. Nilichungulia. Jirani, kitambaa cha hospitali bado kichwani, alikuwa ameshika sururu akibomoa jiko lake, pembeni mwa kaburi. Ukuta wa kwanza ulikuwa umeshaangukia ndani, na maji yalikuwa yanaingia kama ng'ombe waliofunguliwa, yakibeba mafiga, sufuria na madumu yote ya asali. Alisimama katikati akapiga ukuta wa pili.

Ukuta wa mama haukuanguka. Sasa mtaro umejengewa kwa zege na una kona pale lilipokuwa jiko. Vidole vya kaka havifungi. Jirani hupikia nje, na jioni moshi wake huingia chumbani kwa mama. Mama hufunga dirisha, na hamsalimii.