Pesa Iliyokatazwa Kuguswa

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Damu siiogopi, kisu sikiogopi, na madaktari wenye hasira nawajibu vilevile wanavyonijibu. Lakini mwaka ule nilipoomba viza ya kwenda kufanya kazi Uingereza, niliiogopa pesa yangu mwenyewe mpaka nikawa naota naibiwa.

Kazi nilishapata. Hospitali ya huko ilinifanyia usaili kwa simu, wakaridhika, wakatuma barua. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba nina akiba ya kunitosha nikifika, kabla sijaona mshahara wa kwanza. Waajiri wengine humdhamini mtu kwa hilo. Wangu alisema nijitegemee. Basi ilitakiwa pesa kamili iwe kwenye akaunti yenye jina langu, ikae siku ishirini na nane mfululizo, na isipungue hata siku moja. Ikipungua, unaanza kuhesabu upya. Na mimi nafasi ya kuanza upya sikuwa nayo, maana barua ya kazi ilikuwa na mwisho wake.

Jamani, mweleze mtu wa Kariakoo habari hiyo! Mama yangu anauza madera na khanga huko tangu mimi sijaanza shule. Kwake pesa ikifika asubuhi, mchana imeshakuwa mzigo. Nilipomweleza masharti alinitazama kama nimechanganyikiwa.

"Ikae tu? Isifanye kitu?"

"Isifanye kitu, mama."

"Sasa wao watajuaje kama ni pesa?"

 

Akiba yangu ya mshahara peke yake haikutosha. Kilichoijaza ni mchezo wa mama. Yeye na wenzake kumi na kitu wa mtaa ule hutoa pesa kila wiki, na kila mara mmoja anapokea yote. Zamu ya mama ilikuwa bado mbali, ila aliwaomba, wakamsogeza mbele, na zamu yote akaiingiza kwenye akaunti yangu. Nilipoiona ile namba kwenye simu nilikaa chini, sakafuni, kwenye korido ya hospitali. Sikuwahi kumiliki pesa kiasi kile. Nilisikia furaha na hofu kwa pamoja.

Sasa wale mama wa mchezo wakaamua kwamba pesa isiyotakiwa kuguswa lazima ilindwe. Walichofanya hakifanyiki popote ila Kariakoo. Waliutangazia mtaa mzima. "Huyu asikopwe! Asichangishwe! Pesa yake imelala!" Muuza kahawa akawa ananipa kikombe na kukataa pesa, anasema, "Dada, usije ukaiamsha." Kulipotokea msiba kwa jirani yetu Ilala, tunakokaa, nilitoa noti yangu ya rambirambi mkobani. Mama mmoja wa mchezo akaikunja, akanirudishia kiganjani, akatoa yake na kulitaja jina langu. Niliona haya kweli. Nilimwambia hiyo noti wala haikutoka benki, akanijibu, "Sijui ilikotoka, ninachojua haiondoki."

Mama alikuwa amesahau jambo moja. Au tuseme hakusahau, alilizoea. Ile zamu ya mchezo ndiyo aliyokuwa akilipia kodi ya fremu, chumba chake cha duka, kila mara. Kodi za Kariakoo hulipwa miezi sita kwa mpigo, na mwenye nyumba wake miaka yote alikuwa akimvumilia hata akichelewa. Mama akajua atamvumilia tena. Safari hii dalali alimletea mwenye nyumba mtu wa kutoa kodi ya mwaka mzima, taslimu, na kilemba juu, yaani pesa ya ziada ya kupewa nafasi. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe kumwambia, sauti ya chini, hamtazami usoni. Alimpa mpaka kesho yake saa kumi jioni.

Katika zile siku zangu ishirini na nane, zilikuwa zimepita kumi na tisa.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Asubuhi yake nilitoka zamu hospitali sijabadili hata viatu, nikaenda moja kwa moja benki kule mtaa wa Gerezani. Nilishakata shauri. Uingereza nitaikuta nikijaliwa, lakini mama yangu hafukuzwi mahali alipotusomeshea wote. Foleni ilikuwa ndefu. Nimebakiza watu wawili mbele yangu, nikasikia sauti ninayoijua.

"Toka kwenye hiyo foleni!"

Nageuka, mama huyo mlangoni, khanga kaifunga kiunoni, nyuma yake wenzake wawili wa mchezo wanahema. Walikuja kwa miguu, mbiombio. Nani aliwaambia niko pale sikujua.

"Mama, fremu inaondoka leo!"

"Iende! Kwani mimi nilizaliwa na fremu?"

"Miaka yote hiyo, mama!"

"Hiyo miaka ni yangu au ni yako? Nimekwambia usiiguse!"

Mlinzi akaja kutuomba tupunguze sauti. Mama akamwambia na yeye anyamaze, anazungumza na mwanawe. Foleni nzima ikageuka, na unavyojua watu wa Dar, kila mmoja akawa na shauri. Baba mmoja mwenye kofia ya kufuma akasema, "Binti, ukisikia mama kasema hivyo, toka." Nikalia mbele ya watu wote, na sare yangu ya uuguzi. Nikatoka.

Alasiri tukahamisha mzigo. Nilikuwa nakunja madera huku nimevimba kwa hasira, sijui hata namkasirikia nani. Mama alikuwa akiimba chini chini.

Fremu inayopakana na yake ni ya mama mmoja anayeuza vyombo. Huyu na mama yangu walikuwa hawasalimiani. Waligombana zamani kwa ajili ya ile baraza ya mbele, nani kapanga bidhaa zake zikavuka mpaka, na tangu hapo kila asubuhi mmoja alikuwa akisukuma ndoo na mwenzake akisukuma stendi ya khanga. Kwenye mchezo alijitoa kwa sababu ya ugomvi huohuo. Siku ile alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, anatuangalia. Nikajua leo atacheka, na nikajiandaa kumjibu.

"Mnapeleka wapi hivyo vitu?" akauliza.

Mama hakugeuka. "Nyumbani."

"Ilala? Madera utamuuzia nani kule, kuku?"

Mama wa vyombo akaingia ndani kwake, tukasikia masufuria yanaporomoka. Alikuwa anashusha ukuta mzima wa bidhaa zake, ule mzuri, unaoonekana kutoka barabarani. Masufuria, hotipoti, mabeseni, vyote akavisukumia nyuma, vikabanana mpaka darini. Akatoka anajifuta jasho.

"Ingizeni. Na usidhani nimekusamehe."

"Sijakuomba," mama akasema, akaanza kuingiza khanga.

Nilibaki nimesimama na rundo la madera mikononi. Nimewahi kuona moyo wa mtu ukidunda kifuani kwake uko wazi, nikastaajabu. Lakini kustaajabu kwa siku ile kulikuwa kwingine, kwa sababu moyo nilisomea, haya hakuna aliyenifundisha. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Aliitika, "Marahaba," akaniambia niache kuzubaa, mteja anapita.

Zile siku zilizobaki mama aliuza akiwa amesimama, maana nafasi ya kiti haikuwepo. Jioni miguu ilimvimba, nikawa namkanda kwa maji ya chumvi.

Siku zilipotimia nilirudi kule Gerezani kuchukua taarifa ya akaunti. Binti wa kaunta, mdogo kwangu, mchangamfu, aliichapa, akaipitia kabla ya kugonga muhuri. Ilikuwa namba ileile, ukurasa mzima.

"Hongera, dada," akasema. "Wengine huwa wanarudi mara tatu kwa sababu pesa iligusika. Yako imetulia. Yaani mwezi mzima hakuna kilichotokea."

Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo kabisa. Nyuma yangu watu wakaanza kulalamika, nikaichukua ile karatasi kwa mikono miwili, nikamwambia asante.