Maili Ishirini na Mbili kwa Galoni

Delmar Kruse alipima kila kilichoingia kwenye trela, na begi la mkewe halikusalimika. Alilitundika kwenye mzani wa ndoana, akasoma, akatikisa kichwa.

"Arlys, humu mna viatu pea tatu."

"Pea moja ni ya mazishi, ikibidi."

"Huyo hajafa bado, mama. Vitoe."

Arlys akavitoa. Kikaango chake cha chuma kilishaachwa jikoni tangu mwaka juzi, na matangi ya maji ya trela yalisafiri makavu, maana maji ni uzito na uzito ni mafuta. Tairi zilijazwa upepo mpaka zikawa ngumu kama mawe. Hivyo ndivyo Delmar alivyojiandaa kwenda kumwona shemeji yake anayekufa.

Arlys alikuwa amepika katika shule ya mji wao, huko tambarare za Nebraska, kwa miaka ishirini na saba. Aliwalisha watoto mia sita kwa siku, akawaendesha wapishi wanane kwa kupepesa jicho tu. Mumewe alisimamia ghala la nafaka la ushirika. Walipostaafu wakanunua trela dogo la mviringo, la kulala watu wawili wasionuniana, na Arlys akadhani sasa ataiona nchi. Alichokiona ni makalio ya malori. Delmar alipenda kujificha nyuma ya lori ili limkatie upepo, mwendo maili hamsini na tano kwa saa, kiyoyozi kimezimwa, jasho linamtiririka mkewe mgongoni. Kila alipojaza tangi aliandika daftarini amekwenda maili ngapi kwa galoni. Alizijua namba za daftari lile kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake, na hilo si tusi, ni ukweli.

Simu ilipigwa Jumapili. Alikuwa Kendra, binti wa Joylene, mdogo wake Arlys pekee.

"Mama mkubwa, daktari anasema mama hamalizi wiki. Anakuulizia kila saa. Simu hawezi tena kuishika, na maneno yanamtoka mawili matatu tu. Njoo."

Arlys alikuwa na deni la neno. Miaka minne nyuma, siku waliyomzika mama yao, alimwambia Joylene mbele ya watu kwamba amekuja kuhesabu vijiko vya marehemu. Lilikuwa neno chafu, la uongo pia, na tangu siku hiyo dada hao walitumiana kadi za Krismasi basi. Sasa Arlys alitaka kumtazama mdogo wake usoni na kumwomba radhi kabla hajafumba macho. Hakutaka kingine chochote duniani wiki ile.

Joylene aliishi mashariki ya Oregon, na mkutano wa mwaka wa wenye matrela madogo ulikuwa ufanyike jirani na mji wake Jumapili iliyofuata. Delmar akafurahi waziwazi.

"Njia moja! Tunatoka kesho alfajiri, Jumatano jioni tuko kwa Joylene."

"Nipande ndege, Delmar."

"Nafasi ya ndege ni Jumatano tu, na ni ndege mbili, halafu gari la kukodi, na wewe uwanja wa ndege unakuchanganya. Utafika saa zilezile. Mimi nakufikisha mlangoni."

Kwa hesabu ya karatasi alikuwa sahihi. Arlys akakubali, kama alivyokuwa amekubali mengi.

Jumanne adhuhuri, katikati ya Wyoming, upepo ukawapiga usoni. Huko upepo hauna mti wa kuuzuia. Arlys aliona jicho la mumewe likienda kwenye kioo cha dashibodi, maili kwa galoni zikishuka: ishirini na mbili, kumi na nane, kumi na tatu. Delmar akaguna kama mtu aliyechomwa mwiba, akakata kona, akaingia kwenye kambi ya changarawe kando ya barabara kuu.

"Tunangoja utulie," akasema.

"Mpaka lini?"

"Upepo huu ni hatari na trela. Unaweza kutupindua."

Walisimama wakitazama barabara. Matrela yalikuwa yakipita, makubwa kuliko lao mara tatu, na hakuna lililopinduka. Arlys alihesabu tisa, kisha akamgeukia mumewe.

"Basi tuliache hapa hapa. Tuende na pikapu tupu. Tutalichukua tukirudi."

Delmar akamtazama kana kwamba kamwambia waiache miguu yao.

"Sheria ya shindano inasema kutoka nyumbani mpaka mkutanoni, trela nyuma, safari moja. Ukilifungua hata kwa hatua moja, namba haihesabiwi. Nina ishirini na mbili na ushee, mama. Hakuna aliyewahi kuifikisha. Hakuna!"

Hapo ndipo hatari ya kupinduka ilipoisha, na wote wawili wakajua imeisha.

Jirani yao kambini alikuwa mjane mmoja, Twyla Haas, aliyekuwa akivuta trela la farasi kuelekea Idaho. Aliyasikia yote, kambini hakuna siri. Jumatano asubuhi upepo ulipokuwa bado unavuma, alikuja na kikombe cha kahawa mkononi.

"Dada, mimi naondoka. Napita njia yako karibu yote. Panda, usiku huu uko kwa mdogo wako."

Arlys alishika mlango wa gari la Twyla. Aliushika kabisa. Kisha akafikiria watasema nini watu, mke wa miaka sitini na tisa amemwacha mumewe kambini akapanda gari la mtu asiyemjua, akasema ahsante, upepo ukishatulia na wao wataondoka. Twyla akaondoka. Vumbi la gari lake lilionekana kwa muda mrefu, maana pale hakuna kinachoficha kitu.

Saa tisa alasiri Kendra akapiga simu. "Mama anauliza mmefika wapi."

"Mwambie kesho," Arlys akasema. "Kendra, mwambie kwamba lile neno la vijiko..." Akakwama. Kumtuma mtoto amwombee radhi kwa mama yake kulimwia vigumu. "Mwambie nakuja."

Alhamisi alfajiri upepo ulikuwa umegeuka na kuwasukuma kutoka nyuma. Delmar alipiga mluzi akifunga mnyororo wa trela. Walikuwa wamekwenda mwendo wa saa mbili Kendra alipopiga tena, na Arlys akajua kabla hajapokea. Joylene alikuwa amefariki usiku.

Delmar alimshika mkewe mkono, na machozi yalimlenga kweli, hakuwa mtu wa chuma. Kisha akaurudisha mkono kwenye usukani. Mshale wa mwendo ulikuwa kwenye hamsini na tano. Ukabaki hapohapo.

"Sasa hakuna haraka tena, mama," akasema kwa upole.

Walimzika Joylene Jumamosi. Arlys alisimama kaburini amevaa raba nyeupe, na Kendra, aliyekuwa amemkumbatia kila mtu, alimpa mama yake mkubwa mkono tu.

Kesho yake walikuwa mkutanoni, watu themanini, supu ya maharage na mikate ya mdalasini juu ya meza ndefu. Wenye trela ni waongo kama wavuvi, kwa hiyo kwao mtu hatangazi namba yake bila shahidi. Aliyesafiri naye husimama na kusema "ni kweli", ndipo katibu huiandika ubaoni. Delmar akasimama, akakohoa, akaisoma: ishirini na mbili nukta tatu. Meza nzima ikashangaa.

"Bi Arlys!" akaita katibu, mzee mcheshi aitwaye Ordell Pruitt. "Huyu bwana anatufunga kamba au vipi?"

Arlys akasimama. "Ni kweli," akasema, na makofi yakaanza. Hakuketi. Akangoja makofi yaishe. "Tulikaa Wyoming siku mbili upepo ukitupiga, tukaungoja ili namba isiharibike. Mdogo wangu alikuwa akiningoja mimi huku. Alikufa tukiwa bado tumekaa. Nilikuja kumwomba radhi."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Ordell alisimama na chaki mkononi, akamtazama Delmar, akautazama ubao, na kwa kuwa sheria ilikuwa imetimizwa, akaiandika namba.

Delmar alingoja mpaka walipofika kwenye trela na kufunga mlango. Uso wake ulikuwa mwekundu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

"Ungeishia pale kwenye 'ni kweli', Arlys. Watu walishaanza kupiga makofi."