Mtani Aliyeniita Mwalimu

Mtani wangu alinionya mara tatu, na mara zote tatu nilicheka. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi Mmakonde wa Newala, yeye Mmakua wa Masasi. Akinitukana nacheka, nikimtukana anacheka, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia jambo la maana, utalijuaje?

Anauza vitumbua mbele ya nyumba yake, hapa Masasi, karibu na shule ninayofundisha. Ni mjane, amenizidi miaka kumi hivi. Miaka miwili kabla ya mbio ninazozisimulia alipasuliwa, akauguzwa hospitali ya Ndanda, akapona. Lakini wakwe zake wa Newala, kwa huruma tu, hawakutaka kuamini kwamba amepona. Kwenye misiba na harusi walimtandikia mkeka akae, wenzake wakipika. Mama mkwe wake, ambaye zamani ndiye aliyemfundisha kubeba maji, akawa anamshika mkono kumvusha kizingiti. Hilo ndilo lililomuuma. Tuliposikia kuna mbio za jozi kutoka Masasi hadi Newala, kilomita sabini hivi na mlima ndani yake, aliniambia bila chembe ya utani: "Nataka mama mkwe anione nafika kwa miguu yangu. Siku moja tu. Halafu nitakaa kwenye huo mkeka wao."

Sharti lilikuwa moja. Watu wawili wa jozi wavuke mstari wa mwisho pamoja, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mmoja akifika peke yake hahesabiwi.

Tulifanya mazoezi kila Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa na saa ya kupima mapigo ya moyo na viatu vya mtumba vyenye rangi ya kuumiza macho. Yeye alikuwa na raba nyeusi, kanga kiunoni, na mdomo. Alinitania kuanzia tunapoondoka hadi tunaporudi: eti Wamakonde hatujui kukimbia mpaka tumwone panya mbele. Nami nikimjibu kwamba panya huyo akitoroka humkuta Mmakua keshabandika sufuria. Siku moja nilichoka kujibu. Akasimama palepale barabarani.

"Umenyamaza," akasema. "Basi tunakwenda mbio mno."

Akanieleza kwamba enzi za kuteka maji bondeni, wanawake wa kwa mume wake walikuwa wakitaniana njia nzima ya kupanda, ndoo kichwani. Mmoja akishindwa kujibu, kundi zima lilipunguza mwendo. Hakuna aliyeambiwa amechoka, wala aliyeaibishwa. "Ukinyamaza, weye, mwendo huo si wako." Nilicheka, nikatazama saa yangu.

Mara ya pili ilikuwa alfajiri ya mbio, tukiwa tumepanga mstari Masasi. Aliniona ninavyorukaruka kupasha mwili akaniambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia Wamakua hawana sakafu. Tukaanza kwa vicheko, mwendo wake wa polepole, wa muuza vitumbua, na nakiri ulikuwa mwendo mtamu.

Kilichoniponza ni mkono wa mwalimu wa hesabu wa shuleni kwetu. Tulipokaribia Chiungutwa alitupita na mwenzake, akageuka, akanipungia. Nampenda mwalimu yule, lakini mkono ule ulinishinda. Nikamwambia mtani: "Natangulia. Nitakusubiri mlimani, nitakuwa nimeshapumzika."

"Mlima haujahama, Mmakonde. Utaukuta."

Nikacheka mara ya tatu, nikaenda. Kwa saa moja na ushei nilikuwa mtu kati ya watu. Bodaboda walinipigia honi, watoto walinishangilia, na mwalimu wa hesabu nilimpita nikampungia mkono. Saa yangu ilikuwa inalia kwamba kifuani mwangu kuna hatari, nikaizima.

Mlima niliukuta. Jua lilikuwa limekwisha kuchachamaa. Misuli ya miguu ilikaza, nikatapika, nikalala chini ya mkorosho kando ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia alinipa maji yenye chumvi, akauliza kama nina ndugu wa kuitiwa. Nililala pale zaidi ya saa mbili. Mwalimu wa hesabu alipita, na safari hii hakunipungia, alisema pole.

Mtani alifika akiwa na mwendo uleule wa alfajiri, na muda ulikuwa bado unamtosha kabisa. Akanitazama. "Nimeambiwa huku kuna maiti ya Kimakonde. Nimekuja kuzika, si ndiyo kazi ya mtani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, hakikutoka kitu. Basi akapunguza mwendo. Alinifunga goti kwa kanga yake, akauweka mkono wangu begani kwake, bega lilelile ambalo wakwe hawakutaka libebe hata ndoo. Nikamwambia aende, mama mkwe atamwona hata kama hahesabiwi. "Mtani hamwachi mtani njiani," akasema, na hiyo ndiyo sentensi ya mwisho tuliyozungumza kama watani. Tulipanda mlima wote hivyo. Tulipopita Mkunya muda ulikuwa umekwisha, na gari la waandaaji likatuzoa.

Newala watu walikuwa bado wamejaa. Nilipoona wajomba zangu nikajikaza, nikateremka upande wangu peke yangu, wima. Yeye aliteremka upande wa pili, na mama mkwe wake alikuwa keshafika, keshamshika mkono.

"Pole, mwanangu. Nilijua tu. Mwili huo si wa kukimbia tena. Ona, umemchelewesha na mwalimu wa watu."

Wajomba wakanitazama kwa huruma. Mwalimu wa hesabu naye alikuwa hapo. Mtani akageuka kuniangalia. Hakunisihi wala hakukunja uso. Alisubiri, kama alivyokuwa akisubiri kila Jumamosi, nijibu. Maneno matatu yalitosha: mimi ndiye niliyeshindwa.

Nikainama kufungua kamba za viatu.

Nilipoinua kichwa alikuwa anaongozwa polepole kwenda kwenye mkeka. Naona haya kuandika hivi, na ningeona haya zaidi kuandika kwamba nilikuwa nimechoka sana. Sikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kusema. Kila likizo naenda Newala, na nyumba ya mama mkwe yule iko njia ya sokoni. Huwa nazunguka.

Vitumbua bado nanunua kwake. Siku hizi ninaposema "Shikamoo," anaitikia, "Marahaba, Mwalimu. Nikufungie vingapi?" Sauti yake ni njema, ile ya mtu na mteja wake. Nimejaribu kumchokoza kwa kila utani ninaoujua. Juzi nilimwambia kwamba vitumbua vya Wamakua vina mchanga.

Akavitoa kwenye karatasi, akavikagua kimoja kimoja.

"Samahani, Mwalimu," akasema, akanibadilishia.