Kahawa Aliyoinywa Bibi

Mmarekani mmoja niliyefanya naye kazi kwenye visima vya mafuta alinisimulia habari za Wakomanchi, wapanda farasi wa nchi yao, waliokuwa wakiteka watoto wa walowezi, wakiwapa majina mapya na kuwalea kama wao. Kilichomshangaza ni kwamba baadhi yao, walipokombolewa, walilia kutaka kurudi kwa waliowateka. Mimi niliyeacha shule mapema, nikatangatanga tangu hapo, safari ile nilikuwa na la kumjibu. Hayo, ndugu yangu, niliyaona Darsait, kule Oman, nikiwa mtoto.

Tulikuwa tumetoka Unguja miaka michache nyuma, tukikaa nyumba ya makuti ya mtende iliyonuka moshi na maandazi ya iliki. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji. "Usivuke kisima, Mabedui watakuchukua," Bibi akiniambia, na kwake hayo hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Wazee wake walipokuwa bado wanakaa Oman, mdogo wake alinyakuliwa njiani, wakamtafuta mpaka wakachoka, wakahamia Unguja bila yeye.

Msimu mmoja wa baridi jirani yetu akarudi kutoka sokoni anahema. Mabedui wauza samli wamepiga kambi nyuma ya kilima, na mmoja wa wanawake wao ana kovu la moto mkononi, lile lile la mdogo wake ambalo Bibi hakuchoka kulieleza.

Asubuhi yake Bibi alitandika kitanda cha pili, akajifukiza udi.

"Bi mkubwa, ngamia watakukimbia kwa harufu hiyo!" jirani akamtania.

"Na wakimbie. Nnakwenda kumchukua mdogo wangu."

Tulipokewa na mzee aliyekulia hema moja na yule mtoto aliyenyakuliwa, akimwita dada. Bunduki ilikuwa imelala mapajani mwake. Mwanamke mwenye kovu alikuwa kando ya buli la kahawa, amevaa barakoa, na macho yaliyokuwa ndani yake yalikuwa macho ya Bibi. Nilisikia makaa yakilia.

Akamimina kahawa, akampa Bibi. Kwetu Unguja, kuiacha kahawa ya mtu ni kumtukana, basi Bibi akainywa yote.

Mzee akashusha pumzi. Akaiweka bunduki kando, akatabasamu.

Bibi akaanza kwa Kiarabu chake cha utotoni, kikamponyoka, akamalizia kwa Kiswahili: "Nna haja, jamani! Nimekuja kumchukua mdogo wangu!" Jirani akatafsiri.

"Kwetu sisi, mwenye haja huiweka finjani chini mpaka aulizwe haja yake," mzee akasema. "Wewe umekunywa, mama. Umekuja kutusalimia, nasi tumefurahi."

"Huyu mgeni, hajui!" jirani akapiga kelele.

Mzee akamgeukia mwenye buli. "Wewe wasemaje?"

Mwanamke akaichukua finjani mkononi mwa Bibi, akaifuta polepole kwa upindo wa shela. "Nilimmiminia mimi," akasema. "Nikamtazama akinywa."

Kisha akamkumbatia Bibi, wakalia wote wawili, barakoa ikalowa. Tulipoondoka alitupa kiriba cha samli.

Njiani jirani akawa anamlaani yule mzee na hila zake. Bibi alikuwa amekipakata kiriba kama mtoto mchanga.

"Nyamaza, shoga," akasema. "Mzee hana kosa. Nilikaa na mdogo wangu goti kwa goti. Angetaka kuja, angenikanyaga mguu nisinywe."

Nyumbani akakitandua kile kitanda cha pili mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Juzi nilipita pale nyuma ya kilima. Kuna gereji, harufu ya rangi, na vyuma vinavyogongwa mchana kutwa. Hakuna anayejua kwamba watu waliwahi kupiga hema pale. Fundi mmoja, kijana mkarimu, alinitilia mkononi kahawa ya maziwa katika kikombe cha karatasi hata kabla sijakaa, wala hakuniuliza nina haja gani. Nikabaki nimeishika mpaka ikapoa.